Jivu la Pilau kwenye Nyasi za Mbweni

Atupele mwanangu,

Mita za mraba elfu moja na mia mbili za ukoka zilitufia Mbweni mwaka juzi. Zilianza kupauka mwezi wa kwanza, na masika yalipoingia hapakuwa na kitu cha kuokoa. Pamoja nazo ilikwenda kazi ya kutunza bustani ya ukumbi wa Bi Zuwena, iliyokuwa inalisha nusu ya nyumba hii, na likaenda jina langu, kuanzia Mbweni mpaka Boko. Naanza na hasara kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kukaa tukaizungumza ikaisha. Salamu nitakupa kesho stendi, kwa mdomo.

Naanza nayo pia kwa sababu kesho hiyohiyo Mzee Pazi anataka jibu. Nusu ya shamba lake hapa Madale ndiyo kitalu chetu, hilo unalijua. Sasa anaitoa nusu iliyobaki, mkataba wa miaka kumi, na kuna mtu wa matofali anaimezea mate. Mie na magoti yangu haya, nusu moja inanitosha mpaka nizeeke. Nusu ya pili nitaichukua kwa sababu moja tu: awepo mtu wa kuishika. Wewe unakwenda Njombe kwenye mashamba ya chai, miaka miwili. Nataka kujua kama baada ya hiyo miwili unarudi kwenye kitalu. Nimekuuliza jikoni, nimekuuliza tukipakia nyasi, nikakuuliza na Jumapili tukitoka kanisani. Kote umenijibu, "Tutaona, Mama." Kwa hiyo nimeamua kuandika, kwa sababu nikisema huwa napandisha sauti, na nikipandisha sauti wewe hunyamaza.

Habari za sweta, blanketi na kuchemsha maji ya kunywa nimemwachia baba yako. Tangu asubuhi anafunga begi moja hilohilo na kulifungua. Wewe uko Tegeta kwa shangazi yako kuaga, na nakujua, hutatoka huko kabla hajakulisha mara mbili. Nina nafasi ya kutosha.

Unajua nilikuja Dar nikiwa sijui kitu kuhusu udongo wa pwani. Nilijua wa Rungwe. Kule mvua hainyamazi, na mvua ikinyesha hivyo miaka na miaka inaosha chokaa yote udongoni, unabaki udongo mchachu. Bibi yako hakujua neno pH, lakini alijua kazi. Kila asubuhi alikomba jivu jikoni akalitupa kwenye migomba. Alikuwa anasema jivu ni chumvi ya mgomba, na migomba yake ilikuwa na mikungu ambayo mtu mmoja haibebi. Mimi nimekua nikiona hivyo. Kitu ulichokiona kinafanya kazi tangu hujaota meno, hukiulizi maswali. Unakibeba kama jina la ukoo.

Tulipokuwa tumepanga Wazo, baba yako akipakia mizigo kwenye malori, mie nikaanza kuotesha ukoka kwenye viroba nyuma ya chumba. Nilikuwaga nauza kiroba kimoja kimoja kando ya barabara. Hakuna aliyenifundisha bei wala vipimo. Nilipima urea kwa kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa, na baadaye nikakipeleka kifuniko kwenye mizani ya duka la dhahabu. Yule kijana wa dukani alicheka mpaka akaita wenzake: "Njooni muone, huyu mama anataka kuvaa mbolea shingoni!" Kifuniko kimoja, gramu nne. Nyasi zinazokua vizuri zinataka kama gramu tano za naitrojeni kwa mita moja ya mraba kwa mwezi. Katika urea, naitrojeni ni sehemu arobaini na sita kwa mia, kwa hiyo unahitaji urea gramu kumi na moja, vifuniko vitatu bila kuvijaza sana. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, mezani pangu, nikiwa na mimba yako. Nakuambia ili ujue kuwa sikuwa mjinga. Nilikuwa na hesabu nzuri sana. Niliipeleka tu mahali ambapo sikuwa nimepatazama.

Bi Zuwena alipojenga ukumbi wake wa harusi Mbweni, msimamizi wa ujenzi alikuwa Chande. Mtu mcheshi, anakuita dada hata kama unamzidi miaka kumi. Nilipofika kupima eneo, nilikuta limeshasawazishwa na udongo mwekundu umemwagwa juu, mzuri, unataka kuula. Nikamwambia, "Chande, udongo huu mzuri, eeh?" Akasema, "Dada, huo ni keki. Weka nyasi zako, lala usingizi."

Swali langu liangalie vizuri. Sikumuuliza chini kuna nini. Nilimuuliza kitu ambacho jibu lake nilishampa mwenyewe. Jembe lilikuwa garini, na mikono ninayo. Lakini niliona kwamba nikichimba mbele yake ni kama namwita mwongo, na yeye ndiye aliyenitaja kwa Bi Zuwena. Nikaona haya. Aibu ya dakika tano niliikwepa kwa mita elfu moja na mia mbili.

Miezi ya kwanza nyasi zilikuwa kijani mpaka watu wanavua viatu. Halafu mizizi ikashuka, na manjano yakaanza. Mie nikasema ni njaa. Manjano ni njaa, si ndivyo tunavyosema? Nikaongeza urea, vifuniko vitatu vikawa sita. Asubuhi ukiingia pale ulikuwa unasikia harufu ya mkojo wa ng'ombe, na mie nikafurahi, nikasema mbolea inafanya kazi. Kumbe ile ilikuwa naitrojeni yangu inapanda juu kama moshi. Udongo wenye chokaa nyingi ukiumwagia urea juu bila kuizamisha kwa maji, inageuka hewa ya amonia, inaondoka. Nilikuwa nalisha upepo.

Ilipokataa urea, nikamkumbuka mama yangu. Jikoni kwa Bi Zuwena kila harusi walikuwa wanapika pilau kwa kuni, masufuria yale makubwa, na kesho yake jivu limejaa, hakuna anayelitaka. Mpishi mkuu akaniambia, "Chukua lote, Mama Atu, unatupunguzia kazi." Kila harusi debe mbili. Nikalichekecha, nikalinyunyiza sawasawa kama mtu anayeweka sukari kwenye andazi. Hakuna aliyenilazimisha.

Siku ile unaijua, lakini nataka nikusimulie nilivyoiona mimi.

Ulikuwa umetoka chuoni likizo, ndiyo kwanza mwaka wako wa kwanza. Ulikuja kunisaidia kuvuta mipira ya maji. Ukachuchumaa, ukashika jani, ukanionyesha: jani kuukuu la chini ni kijani, jani changa la juu ndilo la manjano, na mishipa yake bado ya kijani. Ukaniambia njaa ya naitrojeni huanzia majani ya chini, kwa sababu mmea unaihamisha kupeleka juu. Chuma hakihamishiki, ndiyo maana kikikosekana linaumia jani changa. Nikakwambia, "Vuta mpira."

Hapo ndipo akaingia Bi Zuwena na wageni, mama mmoja na binti zake, wamekuja kuangalia ukumbi wa kitchen party. Mmoja wa wale mabinti akasema, "Haa! Aunt, nyasi zako zimeiva hizi, zivunwe." Wakacheka wote. Bi Zuwena hakucheka. Akanigeukia, "Mama Atu, hebu niambie mbele za watu, nyasi zangu zina nini?"

Kabla sijafungua mdomo, wewe ukasema, "Shikamoo, Mama," ukakimbia jikoni, ukarudi na chupa ya siki, ukamimina chini. Udongo ukatoa povu kama omo. Ukasema, "Mama kaweka jivu. Udongo huu una chokaa tayari, jivu limeongeza. Ndiyo maana nyasi hazipati chuma."

Ulisema bila ubaya, kama mtu anayesema mvua inakuja. Bi Zuwena akauliza, "Jivu? Jivu la jikoni kwangu?" Ukajibu, "Ndiyo, Mama."

Na mimi nikakupigia kelele mbele ya wote. "Umesoma miezi sita, unakuja kunifundisha jivu? Jivu lililolisha migomba ya bibi yako kabla mimi sijazaliwa?" Maneno yale ningekuwa na uwezo ningeyarudisha. Siyo kwamba yalikuwa makali. Hayakuwa kweli. Migomba ile ilikuwa Rungwe.

Wiki iliyofuata nikaachishwa kwa simu. Nilipokwenda kuchukua mipira yangu, nikasema sasa sina wa kumwonea haya. Nikachimba. Udongo wa keki ulikuwa sentimita kumi na mbili. Chini yake plasta, vipande vya tofali, zege, mifuko ya saruji iliyogandia humohumo. Chande alifukia takataka yote ya ujenzi akaipaka udongo mwekundu juu. Nikapiga kipimo cha pH: nane nukta nne. Udongo wa mama yangu, ulioupima mwenyewe tulipokwenda msibani, ulikuwa tano nukta mbili. Mtu akisikia tano na nane anaona ni jirani. Wewe unajua kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo kati ya Rungwe na Mbweni kuna tofauti ya zaidi ya mara elfu moja na mia tano. Huo ndio umbali niliolisafirisha jivu.

Nikafanya hesabu ya kuokoa. Salfa ya unga, ile wanayopulizia mikorosho kusini, inakula chokaa, lakini kilo mia za chokaa zinataka kilo thelathini na mbili za salfa. Sentimita ishirini za udongo katika eneo lote lile ni kama tani mia tatu na kumi na mbili. Ukisema chokaa ni asilimia moja tu, na ilikuwa zaidi, unahitaji tani nzima ya salfa, na usubiri zaidi ya mwaka. Njia iliyobaki ilikuwa kutoa kifusi chote na kujaza upya. Nikajaza ndoo moja ya kile kifusi, nikaipeleka ofisini kwa Bi Zuwena, nikaiweka sakafuni. Nikamwambia, "Dada, jivu niliweka mimi, na lilizidisha. Ila tazama nililolikuta chini."

Hili sijawahi kukuambia. Aliitazama ile ndoo, akasema, "Mama Atu, hayo yameisha. Mwanao mwenyewe alisema ni jivu. Au unataka kuniambia mwanao mwongo?"

Nikabeba ndoo yangu nikatoka.

Sasa pale ameweka zulia la nyasi za plastiki. Mchana lina moto, maharusi wanatembea juu yake wakirukaruka. Chande ana kazi nyingine Bunju. Mie ndiye niliyebaki kuitwa mama wa jivu.

Kwa hiyo nina uchungu, na sehemu ya uchungu huo ina jina lako. Nimeubeba kimya nikijua siyo haki kukubebesha wote. Ulichosema kilikuwa sahihi. Kilikuwa nusu. Ulipima juu, ukaona povu, ukatoa hukumu, na mwenye mali akaondoka na ile nusu kwa sababu ndiyo iliyomfaa. Mimi nililisha bila kuchimba, wewe ulisema bila kuchimba. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulikuwa na miaka ishirini.

Tangu hapo sitoi bei kabla sijachimba sehemu tano, kina cha chepe mbili, na mwenye nyumba nataka awe amesimama hapo anaangalia. Chupa ya siki inakaa kwenye mkoba wangu na Biblia. Juzi Goba mzee mmoja kaniuliza, "Mama, mbona unachanganya kachumbari uani kwangu?" Nikamwambia, "Subiri, baba, ukiona povu utakosa hamu ya kula." Alicheka, akaniacha nichimbe. Ile haya niliyokuwa naiogopa miaka yote, hakuna aliyeiona.

Ukoka ukipauka sasa, naangalia jani lipi limeanza. Kwenye udongo wa pwani natumia SA, ile salfeti ya amonia, badala ya urea, gramu ishirini na nne kwa mita, maana naitrojeni yake ni ishirini na moja tu kwa mia, lakini inaacha uchachu kidogo, na uchachu ndio tunaoutafuta. Chuma napulizia kwenye majani jioni, kwa sababu ukikimwaga kwenye udongo kama ule kinafungwa kabla mzizi haujakiona. Haya yote nimeyapata kwako, ukinisomea madaftari yako Jumamosi tukipanga viroba. Sijawahi kusema asante. Asante.

Lakini sasa unakwenda Njombe, na hapo ndipo roho yangu inanidunda. Huko mvua ni ile ya kwetu. Udongo ni mchachu, chuma kimejaa tele mpaka kinafunga fosfeti, na alumini inachoma mizizi. SA iliyotuponya hapa, ukiimwaga huko kwa mazoea, unaongeza tatizo. Chai inapenda uchachu, ndiyo, lakini nayo ina mpaka, na bustani za mahindi ya wafanyakazi jirani na chai hazipendi kabisa. Kule, chokaa ni dawa. Kule, jivu la bibi yako lina heshima yake. Wewe umekulia Madale, unaamini kwa mifupa kwamba jivu ni adui, kama mimi nilivyoamini kwa mifupa kwamba ni chumvi ya mgomba. Siku utakayomcheka mama mmoja wa Njombe akimwaga jivu kwenye mboga zake, utakuwa umekuwa mimi, ila umevaa koti la maabara.

Na atakapokuja bosi na wageni wake akuulize mbele za watu shamba lina nini, jibu zuri kuliko yote ni "Bado sijachimba." Halichekeshi, halikupi sifa. Wanaweza kukuona huna ujuzi kwa mchana mmoja. Vumilia huo mchana.

Kitu kimoja nimejiuliza sana, nacho nakiandika haraka kabla sijabadili mawazo. Sijui kama unakwenda Njombe kwa sababu ya chai au kwa sababu ya zile kelele za Mbweni. Kama ni kelele, zilikuwa zangu, na nimekwambia hazikuwa kweli. Kama ni chai, nenda, ni kazi nzuri, umeipata bila kumjua mtu, kama mimi nilivyovipata viroba vyangu. Sitaki urudi kwa kunionea huruma. Kitalu hakihitaji huruma, kinahitaji mtu anayesoma jani na kuchimba. Kama hutarudi, nusu yangu naiendesha na Salma na wale vijana wawili wanaonisaidia kitaluni, na nikichoka nafunga. Mzee Pazi atampa mtu wa matofali, na mimi nitalala usingizi wangu. Siwezi tu kusaini miaka kumi juu ya neno "tutaona". Nilishapanda nyasi juu ya jibu la namna hiyo.

Barua hii naiweka kwenye mfuko wa nje wa begi, baba yako ameapa hataufungua. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Isome ukishatulia, ukishapita Kibaha. Mkisimama Morogoro kula, nipigie, maana mkishaingia Mikumi simu haishiki. Mzee Pazi anakuja barazani saa sita mchana, na saa sita yake haina robo.

Nitakuuliza hivi, na hutaniuliza mimi ninaonaje, wala baba anasemaje: baada ya miaka miwili, Atupele, unarudi kushika nusu ya pili ya kitalu, ndiyo au hapana? Neno moja, kwa sauti yako, siyo meseji. Kabla ya saa sita.

Mama yako